Mgeni na Jembe: Uhakiki wa Programu Zilizorahisishwa na Zana za Kujirekebishia

Mwalimu wa Kiswahili anapoketi mbele ya kompyuta kutayarisha zoezi la darasa lake, kitu cha kwanza kumkabili ni uso wa programu: orodha za amri, vitufe, picha ndogo ndogo na visanduku vinavyomwuliza maswali. Uso huo umebuniwa na watu, kwa nia fulani, kwa ajili ya mtu fulani ambaye wabunifu walimfikiria. Kwa hiyo ni kazi ya fikra kama kazi nyingine, nao unastahili kuhakikiwa. Sisi tuliozoea kupima mashairi na riwaya kwa mizani ya fani na maudhui hatuna sababu ya kuogopa kuipima programu kwa mizani hiyo hiyo.

Uko ugomvi wa miaka mingi baina ya watengenezaji wa programu za kompyuta za mezani. Upande mmoja wamo wale wasemao kwamba programu njema ni ile yenye mambo machache mbele ya macho, ambayo mtu asiyepata kuiona anaweza kuitumia siku hiyo hiyo. Upande wa pili wamo wale wasemao kwamba programu njema ni ile inayomwachia mtumiaji uwezo wa kuipanga upya, kuiongezea amri, na kuibadili iafiki kazi yake. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaona kwamba ugomvi huu wote umo ndani ya methali hiyo. Wa kwanza wanamtazama mtumiaji kama mgeni anayestahili kukirimiwa. Wa pili wanamtazama kama mwenyeji anayestahili kukabidhiwa jembe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa la programu nyingi zilizorahisishwa halimo katika ukarimu wa siku mbili za kwanza. Limo katika kumnyima mtu jembe siku ya tatu, na wanaodhurika zaidi kwa kosa hilo ni watu walio mbali na mbunifu, ambao miongoni mwao tumo sisi.

Istilahi

Kabla ya kuendelea hatuna budi kuweka sawa istilahi. Wako wanaotumia neno "ubinafsishaji" kwa maana ya kuibadili programu ilingane na matakwa ya mtumiaji. Neno hilo halitufai, kwa kuwa limekwisha kutwaliwa na habari za mashirika ya umma kuuzwa kwa watu binafsi, na msomaji akilikuta katika makala ya kompyuta atadhani kiwanda kinapigwa mnada. Sisi tumechagua "kujirekebishia". Kitenzi hiki kina kiambishi -ji- kinachomrudia mtenda, na kimo katika kauli ya kutendea, inayoonyesha kwamba kazi inafanywa kwa faida ya fulani. Yaani mtu anakirekebisha chombo kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Sehemu ya programu inayoonekana na kuguswa tutaiita "uso", ingawa kamusi za leo zina neno "kiolesura". Na tukisema programu "iliyorahisishwa" tunakusudia ile ambayo watengenezaji wameipunguzia kwa makusudi amri na machaguo yanayoonekana, ili isimtishe mtumiaji.

Chimbuko la ugomvi

Mwaka 1976, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman na wenzake walikusanya pamoja amri ambazo watumiaji walikuwa wamejitungia, wakaunda programu ya kuandikia iitwayo Emacs. Sifa yake kuu ilikuwa moja: mtumiaji aliweza kuiongezea amri mpya pasipo kungoja ruhusa ya mtengenezaji. Lakini uso wake haukuwa na huruma kwa mgeni. Amri zilitolewa kwa kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, na hapakuwa na picha yoyote ya kumwongoza mtu.

Mtu angetazamia kwamba programu ya namna hiyo ingebaki mikononi mwa wataalamu peke yao. Hata hivyo, Stallman amesimulia kisa kinachotupa somo. Bernard Greenberg alipounda Emacs kwa ajili ya mfumo wa Multics, makatibu wa ofisi yake walianza kujifunza kuitumia. Kitabu chao cha maelekezo kiliwaonyesha jinsi ya kuiongezea programu amri mpya, lakini hakikusema mahali popote kwamba kufanya hivyo ni kuandika programu. Makatibu hao walikuwa wakiamini kwamba uandishi wa programu hauwahusu na hawauwezi. Kwa kuwa hawakutishwa na jina, walisoma, wakajaribu, wakaweza. Tunaomba msomaji akiweke kisa hiki akilini, maana tutakirudia. Kinaonyesha kwamba kizuizi aghalabu hakimo katika ugumu wa zana. Kimo katika jinsi mtu alivyotambulishwa kwa zana hiyo, na katika yale aliyoambiwa kuhusu uwezo wake mwenyewe.

Njia ya pili ilitangazwa kwa kishindo mnamo Januari 1984, kompyuta ya Macintosh ilipotokea. Ilikuja na kipanya chenye kitufe kimoja tu. Baobonye yake haikuwa na vitufe vya mishale, kwa sababu wabunifu walitaka kumlazimisha mtumiaji azoee kipanya. Kasha lake lilifungwa kwa skrubu zilizohitaji bisibisi maalumu, ili mwenye mashine asilifungue. Hatuwezi kukana mema ya kazi hiyo. Watu wengi ambao wasingethubutu kuigusa kompyuta waliigusa, wakaandika, wakachora. Lakini ukarimu ule ulikuja na amri nyuma yake: utatembea kwa njia tuliyokupangia. Miaka miwili baadaye, katika Macintosh Plus ya mwaka 1986, vitufe vya mishale vilirudishwa. Mwandishi anayetaka kusogea herufi moja nyuma hana haja ya kuinua mkono kutafuta kipanya, na hapana falsafa ya urahisi iliyoweza kumshawishi vinginevyo.

Mfano wa Word

Programu ambayo walimu wengi wanaifahamu ni Word ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1983. Toleo la mwanzo lilikuwa na amri zipatazo 100. Toleo la mwaka 2003 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Pau za zana zilikuwa zimezidi 30. Watengenezaji wenyewe walieleza kwamba wateja walikuwa wakiomba mambo ambayo tayari yamo katika programu, ila hawakuweza kuyaona. Huu ni udhaifu wa fani kwa maana iliyo kamili: maudhui yapo, lakini muundo unamzuia msomaji asiyafikie. Wanaotetea wingi wa machaguo hawana budi kulikabili jambo hili. Zana iliyofichwa na msitu wa zana nyingine ni sawa na zana isiyokuwapo.

Dawa ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Katika Office ya mwaka 2000 ziliingizwa orodha za amri zilizojipanga zenyewe: amri ambayo mtu hakuitumia kwa muda ilifichwa, na ile aliyoitumia ilibaki mbele. Nia ilikuwa kumpunguzia mtumiaji wingi. Tufikiri matokeo yake darasani. Mwalimu anasema, "Fungueni orodha ya pili, chagueni amri ya tano." Mwanafunzi mmoja anaiona, jirani yake ana amri nne tu, wa tatu anaona amri nyingine kabisa mahali pale. Mashine imejirekebisha yenyewe, bila kumwuliza mtu, na kwa kufanya hivyo imevunja msingi wa mafundisho, ambao ni watu wengi kutazama kitu kimoja na kukiita kwa jina moja. Hapa hatuwezi kusema kwamba mtumiaji amejirekebishia chochote, kwa sababu kiambishi -ji- hakina wa kumrudia ila mashine.

Dawa ya pili ilikuja na Office ya mwaka 2007. Orodha za zamani ziliondolewa katika Word na wenzake, na mahali pake ukawekwa utepe mpana wenye makundi ya amri yaliyopangwa kulingana na kazi: kuandika, kuingiza picha, kupanga kurasa. Kwa mgeni huu ulikuwa mpango ulio bora, na tunakiri kwamba mwanafunzi wa leo huiona haraka amri ambayo zamani ingemchukua siku nyingi kuigundua. Lakini wale waliokuwa wamejipangia pau zao kwa miaka mingi walikuta kazi yao imefutwa. Waliachiwa ukanda mmoja mwembamba wa kuweka amri wazipendazo, basi. Malalamiko yalikuwa mengi, na katika toleo la mwaka 2010 uwezo wa kuupanga utepe ulirudishwa. Tunaona tena mwendo ule ule wa vitufe vya mishale: mbunifu anarahisisha, anapunguza kupita kiasi, kisha analazimika kumrudishia mtu jembe lake.

GNOME na KDE

Ugomvi wenyewe ulisemwa kwa uwazi zaidi mahali pengine, katika mfumo wa Linux, ambako mtumiaji huchagua mwenyewe mazingira ya eneokazi, yaani madirisha, orodha na mandhari anayofanyia kazi. Mazingira mawili makubwa yalizaliwa kwa kufuatana: KDE mwaka 1996 na GNOME mwaka 1997. KDE ilichukua njia ya kumpa mtumiaji kila chaguo linalowezekana. GNOME, kuanzia toleo lake la pili la mwaka 2002, ilichukua njia ya kupunguza.

Hoja za upande wa GNOME ziliandikwa vema na Havoc Pennington mwaka huo huo wa 2002, na haifai kuzipuuza. Alieleza kwamba kila chaguo lina gharama. Machaguo yakizidi, mtu hapati lile analolitafuta. Kila chaguo jipya huzidisha hali ambazo programu inapaswa kujaribiwa, na hivyo makosa hupata pa kujificha. Zaidi ya hayo, mara nyingine chaguo huwekwa kwa sababu watengenezaji walishindwa kukubaliana, wakamtupia mtumiaji uamuzi ambao ulikuwa wajibu wao. Hoja hii ya mwisho ina uzito. Mwandishi wa tamthilia aliyeshindwa kumalizia onyesho hawezi kuwapa watazamaji miisho mitatu wachague, kisha akadai kwamba amewapa uhuru.

Hata hivyo, mwezi wa Desemba 2005, Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliwashauri watu hadharani watumie KDE, akilalamika kwamba GNOME inawadhania watumiaji wake kuwa wapumbavu. Maneno yake yalikuwa makali kuliko ilivyohitajika, lakini yaliligusa jambo la kweli. Kupunguza machaguo kwaweza kutokana na heshima, mbunifu akijipa taabu ya kuamua ili mtumiaji apumzike. Kwaweza pia kutokana na dharau, mbunifu akiamini kwamba mtu yule hataelewa. Kwa macho matokeo hufanana. Tofauti huonekana pale mtumiaji anapouliza, "Je, naweza kufanya vinginevyo?" na jibu analopewa.

Mwezi wa Aprili 2011 toleo la tatu la GNOME lilitoka likiwa limepunguzwa zaidi. Kitufe cha kulipunguza dirisha kiliondolewa. Jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba amri ya kuizima kompyuta haikuonekana katika orodha. Ilijitokeza tu endapo mtu alishikilia kitufe cha Alt. Wabunifu waliona kwamba mtumiaji wa kawaida ataiacha mashine ilale, na kwamba hana haja ya kuizima. Wengi walikataa. Katika mwaka huo huo wako walioichukua GNOME ya pili, wakaiendeleza kwa jina la MATE, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi na hakuna aliyeweza kuwazuia. Katika GNOME yenyewe amri ya kuzima ilirudishwa baadaye mahali pa kuonekana.

Urahisi wa nani?

Kisa cha amri ya kuzima kinatufikisha kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kuificha amri hiyo ni urahisi kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki, na ambaye mashine yake ina betri nzima. Kwa shule ambayo kompyuta zake za mezani huendeshwa kwa jenereta, na ambayo jenereta hiyo huzimwa saa maalumu ili kuokoa mafuta, kuizima mashine ipasavyo ni jambo la kwanza kumfundisha mwanafunzi, maana umeme ukiondoka ghafla kazi hupotea. Mbunifu hakuwa na nia mbaya. Alimfikiria mtu, na mtu yule hakuwa mwanafunzi wetu.

Basi tunasema hivi: hakuna urahisi usio wa mtu fulani. Kila uso uliorahisishwa umerahisishwa kwa kipimo cha mtumiaji aliyemo katika mawazo ya mbunifu, na kadiri mtu anavyokuwa mbali na kipimo hicho ndivyo anavyohitaji zaidi zana za kujirekebishia. Aliye karibu na mbunifu anaweza kuishi bila mipangilio, kwa sababu mipangilio ya awali tayari ni yake. Aliye mbali hawezi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni lugha. Katika nchi zetu hizi jirani kompyuta aghalabu huja zikizungumza Kiingereza au Kifaransa. Tangu toleo la mwaka 1995 Word imekuwa ikipiga mstari mwekundu wa mawimbi chini ya kila neno isilolitambua. Mwanafunzi anaandika insha ya Kiswahili katika mashine iliyopangwa kwa Kifaransa, na ukurasa mzima unajaa wekundu. Sisi tujuao tunacheka. Mtoto hacheki. Yeye amezoea kwamba wino mwekundu ni wa mwalimu, na kwamba mwalimu haandiki wekundu isipokuwa kwenye kosa. Anajifunza, pasipo mtu kumwambia, kwamba lugha anayofundishwa ni kosa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Dawa ipo, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile iliyorahisishwa: kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuliongeza neno katika kamusi ya mashine. Tumejaribu. Tunaongeza "tunasoma", wekundu unaondoka. Tunaandika "tulisoma"; wekundu unarudi. Tunaongeza hilo pia, kisha yanafuata "hawakusoma", "atakayewasomea" na "isomwayo". Kitenzi kimoja cha Kiswahili kina maumbo mengi mno, na zana hii imebuniwa kwa lugha ambazo neno lake lina maumbo machache. Mtu aweza kuongeza maneno mwaka mzima asimalize mnyambuliko wa "soma".

Dawa ya pili imo ndani zaidi. Katika LibreOffice na programu nyingine za aina yake, kisahihisha tahajia hakisomi orodha ya maneno peke yake; husoma pia faili la kanuni za viambishi, linaloeleza ni viambishi gani vinaweza kuungana na mzizi upi. Zana hiyo inaitwa Hunspell, na asili yake yafaa ijulikane na kila mwalimu wa Kiswahili. Ilitengenezwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo nayo hurundika viambishi juu ya mzizi, kwa kuwa kisahihisha cha zamani hakikuweza kuibeba lugha hiyo. Kwa sababu msimbo wa kile cha zamani ulikuwa wazi, aliweza kuufungua na kuupanua. Mwaka 2006 OpenOffice ilikipokea, na leo hutumika katika LibreOffice, Firefox na Chrome, kikizihudumia lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Huyu ni mtu aliyekuwa nje ya kipimo cha mbunifu. Lau zana ile ingekuwa imefungwa kwa jina la urahisi, angebaki akiongeza maneno moja moja kama sisi. Alipata jembe, akalima, na shamba lake limetulisha hata sisi tusiojua neno moja la Kihungaria.

Hali kadhalika, mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice yenye uso wa Kiswahili. Kazi hiyo nayo iliwezekana kwa sababu maneno yote ya programu yaliwekwa mahali ambapo watu wengine waliruhusiwa kuyafikia na kuyatafsiri.

Funzo kutoka katika lugha yenyewe

Walimu wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kuuelewa ugomvi huu, maana tunao nyumbani. Katika siku za ukoloni walowezi wa Kenya walijitungia Kiswahili chao kilichorahisishwa, kilichoitwa Kisetla. Upatanisho wa ngeli ulitupwa, kauli za vitenzi zikapunguzwa, na yakabaki maneno ya kutosha kuamuru jikoni na shambani. Kilikuwa rahisi, hapana shaka. Kilikuwa rahisi kwa mwenye kuamuru. Hakikuweza kubeba ushauri, kejeli, wala hoja ya mtu wa upande wa pili.

Kwa upande mwingine, hakuna mwalimu mwenye busara anayemfungulia mwanafunzi ngeli zote siku ya kwanza. Tunaanza na "mtu" na "watu", "kitabu" na "vitabu", na mengine tunayaweka kando. Huko nako ni kurahisisha, na ni kwema. Tofauti baina yetu na mlowezi ni kwamba sisi tunaziweka ngeli kando tukiwa na nia ya kuzileta, na kitabu tunachotumia kinazo katika kurasa za mbele. Mwanafunzi akisema "kitabu yangu" katika wiki ya pili tunamvumilia. Akisema hivyo katika mwaka wa tatu, kosa ni letu.

Hukumu yetu

Kutokana na hayo tunapendekeza mizani ya mambo matatu kwa kila programu itakayoletwa katika shule zetu.

Kwanza, je, mgeni anapokewa? Programu inayomkabidhi mtoto visanduku hamsini vya mipangilio kabla hajaandika sentensi moja imeshindwa kifani, na hapa KDE ya zamani na pau za Word zilistahili lawama walizopata.

Pili, je, ipo njia inayoonekana kutoka mlangoni hadi vyumba vya ndani? Hapa tunaisifu LibreOffice, ambayo tangu mwaka 2019 imemruhusu mtumiaji achague kati ya pau za zamani na utepe, pasipo kumwambia kwamba mojawapo ni ya washamba.

Tatu, je, mtu aweza kurudi alikotoka? Uwezo wa kujirekebishia bila uwezo wa kurudisha hali ya awali ni hatari katika mashine inayotumiwa na wanafunzi wengi. Mmoja huondoa upau wa zana, na anayemfuata hudhani kompyuta imeharibika. Dawa si kumfunga mikono yule wa kwanza. Ni kumpa kila mmoja akaunti yake, na kuwafundisha wote amri ya kurejesha.

Lakini mizani hii haitoshi peke yake, na haki inatutaka tuseme hivyo. Kompyuta ndogo za XO, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa shule, zilikuwa na uso mwepesi ulioitwa Sugar, na kwenye baobonye yake palikuwa na kitufe cha kumwonyesha mtoto msimbo wa programu anayoitumia. Kwa mawazo hatujui mfano ulio bora zaidi wa ukarimu na jembe kuwekwa pamoja. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozipokea kwa wingi kupita nyingine. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Peru na kutangazwa mwaka 2012 haukuona maendeleo katika alama za hesabu na lugha za wanafunzi waliopewa mashine hizo. Kitufe kilikuwapo. Kitufe hakimfundishi mtu.

Ndipo tunaporudi kwa wale makatibu wa Emacs. Hawakupewa uso mwepesi. Walipewa kitabu kilichowaonyesha la kufanya bila kuwaambia kwamba hawawezi. Kazi ya kitabu kile ni kazi yetu. Mwalimu wa Kiswahili asiseme kwamba mipangilio ya kompyuta ni ya mafundi, maana hakuna fundi atakayekuja kumwondolea mwanafunzi ule wekundu chini ya maneno ya lugha yake. Katika somo la kwanza la kuandika kwa kompyuta, kabla ya insha, mwanafunzi afundishwe kuitafuta sehemu ya lugha katika mipangilio na kuiweka Kiswahili. Ni kazi ya dakika chache. Wekundu ukiondoka chini ya jina la kijiji chake na chini ya salamu aliyomwandikia bibi yake, atakuwa amejifunza kwamba chombo hicho kinaweza kurekebishwa, na kwamba anayeweza kukirekebisha ni yeye.

Siku mbili za ugeni zimekwisha kupita zamani. Tulio walimu tuchukue jembe, kisha tuwakabidhi na wanafunzi wetu.